Ziwa moja, matangi matatu: Samaki gani akae na nani

Ikola, Kipili, Utinta, Maswa, Moliro. Kwa mfanyabiashara anayesafiri kando ya Ziwa Tanganyika, haya ni majina ya vijiji na fukwe anazopita akiwa na dagaa, mawese au mihogo. Kwa wapenzi wa samaki wa mapambo wa Ulaya, Japani na Marekani, majina hayohayo ni alama ya bidhaa. Samaki wa rangi wa ziwa hili huuzwa kwa jina la ufuko alikotoka, na mnunuzi anayejua anauliza ufuko kwanza, bei baadaye.

Wateja wa samaki hao hawako ng'ambo tu. Hoteli, zahanati, ofisi na nyumba za watu katika miji ya Afrika Mashariki nazo huweka matangi ya kioo. Kwa mfanyabiashara wa mpakani hii ni bidhaa nyepesi, haichukui nafasi kubwa kwenye gari, na samaki mmoja wa mapambo huweza kumlipa kuliko kilo ya samaki wa kitoweo.

Lakini hasara ya biashara hii ina tabia yake. Mara nyingi haitokei njiani. Samaki hufika wakiwa hai, mteja analipa, watu wanapeana mikono. Wiki tatu baadaye simu inalia: wanne wamekufa, wawili mapezi yamechanika, mmoja haonekani kabisa. Mteja anadai aliuziwa samaki wagonjwa. Muuzaji anaapa kwamba walikuwa wazima. Inawezekana kabisa kwamba wote wawili wanasema kweli: samaki walikuwa wazima, ila waliwekwa na majirani wasiofaa.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara wa Kigoma anapata oda ya tangi la mapokezi ya hoteli mjini Kigali. Tangi lina urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 50. Ukizidisha namba hizo tatu na kugawa kwa 1,000 unapata lita 300. Mwenye hoteli anataka rangi nyingi na samaki wakubwa wa kuvutia macho. Mfanyabiashara anampelekea Tropheus sita, frontosa wanne wachanga, jozi moja ya brichardi, na samaki wanane wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Wote wametoka Ziwa Tanganyika. Kwenye karatasi, oda imekamilika. Ndani ya kioo, vita imeanza.

Biashara iliyoanzia ufukweni

Usafirishaji wa samaki hawa si jambo la jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa amefanya kazi hiyo hiyo Kongo, alianzisha Bujumbura kituo cha kukamata na kusafirisha samaki wa Ziwa Tanganyika. Mmoja wa samaki hao, mwenye mapezi marefu yanayoishia kwa ncha, alipewa na wanasayansi jina la Neolamprologus brichardi mwaka 1974. Ndiye brichardi wa kwenye oda ya Kigali. Upande wa Ziwa Nyasa, ambalo Malawi wanaliita Ziwa Malawi, Stuart Grant alijenga biashara kama hiyo karibu na Salima.

Samaki wengi wanaotafutwa ni wa jamii ya sikilidi, ukoo mmoja na sato. Ziwa Tanganyika lina aina zipatazo 250 za sikilidi, na karibu zote hazipatikani mahali pengine duniani. Ziwa Nyasa lina zaidi ya aina 700. Ziwa Victoria lilikuwa na aina takriban 500 za furu kabla ya wengi wao kutoweka, kufuatia kupandikizwa kwa sangara katika miaka ya 1950 na 1960.

Wingi huo ndio utajiri wa mfanyabiashara, na ndio mtego wake. Katika ziwa lenye urefu wa kilomita 670 na kina cha mita 1,470, samaki anayefukuzwa na jirani yake anaogelea mita tano na ugomvi umekwisha. Katika tangi la sentimita 120 hana pa kwenda. Atafukuzwa asubuhi, mchana na jioni mpaka achoke, aache kula, afe.

Maji kwanza, rangi baadaye

Swali la kwanza si kama samaki wanapatana, bali kama wanaweza kunywa maji ya kisima kimoja. Maji ya Ziwa Tanganyika ni magumu, yaani yana madini mengi, na kipimo chake cha pH kiko kati ya 8.6 na 9.2. Ya Ziwa Nyasa ni kati ya 7.7 na 8.6. Samaki wa mto Amazon kama neoni na diskasi wamezoea maji laini yenye pH ya 6 hivi. Ukiwachanganya na samaki wa Tanganyika, mmoja wao lazima aumie, hata kama hakuna anayemng'ata mwenzake.

Hapa jina la nchi halisaidii. Mfanyabiashara wa Kongo anaweza kupata samaki wa ziwa kutoka Uvira, Kalemie au Moba, na pia tetra wa Kongo, yule mwenye mng'ao wa upinde wa mvua, kutoka mito ya ndani ya nchi. Ni kweli maji ya Ziwa Tanganyika hutokea kwa mto Lukuga, hapo Kalemie, na kwenda kuungana na maji ya mto Kongo. Hata hivyo tetra wa Kongo ni samaki wa maji laini ya msitu. Nchi ni moja, maji ni mawili, na matangi yawe mawili.

Joto nalo lina mipaka yake. Samaki wa maziwa yetu makuu wanataka nyuzi 24 hadi 27. Samaki wa dhahabu, anayeuzwa kila mahali, anapendelea maji ya baridi zaidi, nyuzi 18 hadi 22. Nairobi na Kigali ziko juu na usiku wake ni wa baridi, hivyo tangi la sikilidi linahitaji kipasha joto. Dar es Salaam tatizo ni kinyume chake: maji yakipanda hadi nyuzi 30 oksijeni inapungua, na tangi lenye samaki wengi linahitaji pampu ya hewa yenye nguvu.

Mteja mwenye maji laini ya bomba anaweza kuyafanya magumu kwa kuweka mawe ya chokaa au mchanga wenye makombe yaliyosagika ndani ya chujio. Maji yenye klorini yaachwe kwenye ndoo wazi kwa saa 24 huku pampu ya hewa ikifanya kazi, au yatiwe dawa ya kuondoa klorini. Mfanyabiashara anayebeba karatasi za kupimia pH, na kupima maji ya mteja kabla ya kupokea malipo ya awali, anaokoa pesa ya pande zote mbili.

Mdomo na utumbo

Sheria ya pili ni ya tangu dunia iumbwe: samaki anayeingia mdomoni mwa mwenzake, ataliwa. Frontosa ndiye anayewadanganya wengi. Akinunuliwa akiwa na sentimita nane anaonekana mtulivu, mpole, mwenye mistari myeusi na rangi ya samawati. Lakini hukua kupita sentimita 30, na ziwani huvamia makundi ya samaki wadogo wakati wa giza, wakiwa hawajachangamka. Wale samaki wanane wa makombe ya konokono katika tangi la Kigali wana sentimita nne au tano tu. Mwaka wa kwanza watasalimika. Frontosa wakikua, wataanza kupungua mmoja mmoja usiku, na asubuhi mhudumu wa hoteli hataona hata mfupa.

Kibaya zaidi, lita 300 si makao ya frontosa wakubwa wanne. Kundi la samaki hao linahitaji tangi la lita 500 na kuendelea. Mfanyabiashara anayeuza frontosa wachanga bila kusema watafika ukubwa gani anauza deni.

Utumbo nao ni wa kuangaliwa. Tropheus hukwangua mwani juu ya mawe kutwa nzima, na utumbo wake ni mrefu kwa kazi ya kumeng'enya majani. Akilishwa chakula cha nyama, au vidonge vyenye mafuta vilivyokusudiwa samaki wawindaji, tumbo linavimba, anaacha kula na kutoa kinyesi cheupe chembamba kama uzi. Ugonjwa huu ukianza katika kundi unaweza kulimaliza kwa siku chache. Frontosa, kwa upande wake, anahitaji nyama ya kamba na samaki. Kuwaweka Tropheus na frontosa pamoja ni kama kupika chungu kimoja kwa ajili ya mbuzi na chui: lazima mmoja ale cha mwenzake.

Kanuni rahisi ya soko ni hii: wala mwani wakae na wala mwani, wawindaji wakae na wawindaji wa ukubwa wao, na chakula cha tangi kiwe kinachomfaa mwenye tumbo dhaifu kuliko wote.

Kila mtu na mtaa wake

Sheria ya tatu inahusu makazi. Ziwa lina mitaa: miamba, mchanga, makombe ya konokono chini kabisa, na maji ya wazi juu. Samaki wa mtaa mmoja ndio wanaogombana, kwa sababu wanagombea jiwe moja au shimo moja. Tangi zuri hugawa mitaa hiyo ili kila mpangaji awe na chumba chake.

Brichardi ni mkazi wa miamba, na ni mzuri kwa macho. Jozi ikizaa, watoto wakubwa hawaondoki, hubaki kuwasaidia wazazi kulinda wadogo zao. Wapenzi wa samaki hulipa pesa kuona ukoo huo. Tatizo ni kwamba ukoo unakua na kupanua mipaka. Katika tangi la Kigali, jozi ile moja ikishazaa mara mbili au tatu, samaki wengine wote watajikuta wamebanwa kwenye kona moja ya juu. Brichardi wauzwe kwa mteja anayetaka tangi la brichardi peke yao, au mwenye tangi refu lenye marundo ya mawe yaliyotenganishwa kwa uwanda wa mchanga.

Tropheus naye ana siasa yake. Wakiwa sita tu, mkubwa humchagua mnyonge na kumwandama mpaka afe, kisha huchagua mwingine. Wakiwa 12 au zaidi, hasira inagawanyika na hakuna anayeonewa peke yake. Kwa hiyo oda ya Tropheus sita ni oda mbaya, hata kama mteja anasema anaanza kidogo kidogo. Kundi lililokwishazoeana halipokei mgeni kwa urahisi, kwa hiyo nyongeza ya baadaye nayo huishia kwa vifo. Ni afadhali kuuza 15 kwa mkupuo mmoja, kutoka ufuko mmoja, wa umri mmoja, kuliko sita leo na sita mwezi ujao.

Mbuna wa Ziwa Nyasa, ambao jina lao limetokana na Kitonga cha Malawi, wana tabia inayofanana na hiyo. Ni wala mwani wa miamba, wakali, wenye rangi za njano, samawati na michirizi. Wafugaji huwaweka wengi kwa makusudi, dume mmoja kwa majike watatu au zaidi, na mawe mengi yaliyopangwa hadi juu. Msongamano huo unataka chujio kubwa na umeme usiokatika. Mteja ambaye umeme wake hukatika kila siku awe na pampu ya hewa inayotumia betri, la sivyo asiuziwe tangi la mbuna lililojaa.

Matangi matatu yanayowezekana

Sasa oda ya Kigali ipangwe upya. Samaki ni walewale wa Tanganyika, lakini mwenye hoteli apewe chaguo tatu badala ya mchanganyiko mmoja.

Tangi la kwanza, la lita 300, ni la mitaa. Juu waogelee Cyprichromis 12, samaki wembamba wanaokaa kwa makundi kwenye maji ya wazi, ambao madume wao wana mikia ya njano au samawati. Upande mmoja uwe na mawe, na jozi ya Julidochromis, samaki mrefu mwenye mistari anayepita kwenye nyufa. Upande wa pili uwe mchanga wenye makombe matupu ya konokono kwa wale wadogo wanane. Hakuna anayegombea chumba cha mwenzake, na kila mahali mgeni wa hoteli anapotazama kuna kitu kinachotembea. Tangi lifunikwe, kwa sababu Cyprichromis huruka.

Tangi la pili, la ukubwa huohuo, ni la Tropheus 15 peke yao, na gogogo wachache wadogo wa chini kama Synodontis petricola. Chakula ni cha mimea, chenye spirulina. Ni tangi la rangi na mwendo usiokoma.

Tangi la tatu ni la frontosa, kuanzia lita 500, wakiwa sita hadi wanane, dume mmoja au wawili na waliobaki majike. Wapewe mapango makubwa na mwanga hafifu. Mwenye hoteli aliyetaka samaki wakubwa wa kuvutia macho, hili ndilo lake, ila aambiwe mapema kwamba maji ya lita 500 yana uzito wa kilo 500 kabla ya kuongeza kioo na mawe. Meza ya kawaida haibebi.

Gogogo wa madoadoa aitwaye Synodontis multipunctatus anahitaji onyo lake. Sikilidi wengi huatamia mayai mdomoni. Gogogo huyu hujipenyeza wakati wanataga, akachanganya mayai yake na yao, na mama sikilidi akayaokota yote. Watoto wa gogogo huanguliwa mapema na kula mayai na vifaranga wa mwenye mdomo. Kwa tangi la mapambo ni kioja cha kuvutia. Kwa mteja anayetaka kuzalisha sikilidi na kuuza, ni mwizi ndani ya nyumba.

Ndugu wasioane

Kuna mchanganyiko mwingine ambao hauui samaki hata mmoja, lakini unaua biashara. Tropheus wa ufuko mmoja na Tropheus wa ufuko mwingine, hata wakiwa na rangi tofauti kabisa, huweza kuzaana. Vivyo hivyo frontosa wa Kigoma wenye mistari saba na wenzao wa Burundi wenye mistari sita. Watoto wanakuwa chotara wasio na jina la ufuko, na mnunuzi anayejua hawataki. Mfanyabiashara anayeweka samaki wa Ikola na wa Moliro kwenye tangi moja la kuhifadhia, kisha akawauza kwa kubahatisha, anafuta thamani ya mzigo wake mwenyewe.

Furu wa Ziwa Victoria wanaonyesha jinsi mpaka huo ulivyo mwembamba. Pundamilia nyererei, furu wa visiwa vya Mwanza aliyepewa jina la Mwalimu Julius Nyerere, ana dume mwenye mgongo mwekundu. Ndugu yake Pundamilia pundamilia ana dume wa rangi ya samawati. Majike wao wanafanana, na jike humtambua dume wake kwa rangi. Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba pale maji yanapochafuka na rangi zisionekane vizuri, mipaka kati ya aina za furu hulegea. Tangi lenye mwanga mbaya na majike wasiotosha hufanya kazi hiyohiyo.

Kwa mteja wa hoteli, ambaye hana haja ya watoto, wauzaji wengi hutumia njia ya madume watupu. Aulonocara wa Ziwa Nyasa hufaa sana hapo: dume mmoja wa kila rangi, wote wa ukubwa unaokaribiana, bila jike hata mmoja. Hakuna wa kugombewa, na hakuna chotara. Ila wasichanganywe na mbuna wakali, kwa sababu Aulonocara ni wapole na watanyang'anywa chakula.

Mfuko ukifunguliwa

Majirani wakishachaguliwa, inabaki safari. Samaki asilishwe siku moja au mbili kabla ya kufungwa, ili asichafue maji ya mfuko. Mfuko uwe wa tabaka mbili, theluthi moja maji na theluthi mbili oksijeni, ndani ya boksi linalozuia joto. Samaki wakali wafungwe mmoja mmoja. Tropheus wawili kwenye mfuko mmoja wanaweza kuuana kabla ya kufika mpakani. Kwa ndege, ufungaji hufuata kanuni za usafirishaji wa wanyama hai za shirika la IATA.

Wengi hupoteza samaki dakika ya mwisho, mfuko unapofunguliwa. Ndani ya mfuko uliofungwa samaki hutoa amonia, lakini pia hutoa hewa ukaa inayoshusha pH. Maji yenye pH ya 7 na nyuzi 25 yana chini ya asilimia 1 ya amonia hiyo katika hali ya sumu. Katika pH ya 9, ambayo ndiyo ya Tanganyika, kiasi hicho hupita theluthi moja. Mfuko ukifunguliwa na kuachwa wazi, hewa ukaa hutoka, pH hupanda, na amonia iliyokuwa imelala huamka. Kwa hiyo baada ya safari ndefu mfuko uelee kwenye tangi ukiwa umefungwa kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Kisha ufunguliwe, samaki watolewe kwa wavu mara moja, na maji ya safari yamwagwe nje, yasiingie kwenye tangi.

Tangi lenyewe liwe limekomaa. Chujio jipya halina bakteria wa kugeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati, na huchukua wiki nne hadi sita kuwapata. Oda ya samaki 20 kwenye tangi lililojazwa maji jana ni oda ya mazishi. Samaki wapole watangulie, wakali waje mwisho, na taa izimwe saa za kwanza. Kama kuna wenyeji tayari, mawe yahamishwe siku hiyo ili wenyeji nao waanze upya kama wageni.

Karatasi na heshima ya ziwa

Mpakani, samaki hai si sawa na dagaa wakavu. Vinatakiwa kibali cha idara ya uvuvi ya nchi anakotoka na cheti cha afya, na nchi anakoingia nayo ina masharti yake ya kuingiza wanyama hai. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani na iliyomo kwenye orodha iliyokubaliwa, haumwondolei mtu wajibu wa vyeti vya afya. Kongo imo ndani ya Jumuiya tangu 2022, lakini Zambia na Malawi ziko SADC na COMESA, hivyo mzigo wa Mpulungu au wa Salima una safari nyingine ya karatasi. Kuuliza ofisini kabla ya kufunga mifuko ni bora kuliko kubishana kituoni huku boksi likipata joto juani.

Jambo la mwisho linahusu samaki waliobaki. Mteja akichoka, au muuzaji akikosa soko, kishawishi ni kuwamwaga ziwani au mtoni. Huko Ziwa Malawi, samaki wa mapambo waliohamishwa na wafanyabiashara hadi kisiwa cha Thumbi Magharibi walizaa na kuenea, na baadhi wakachanganyika na wenyeji. Ziwa Victoria lina kumbukumbu kubwa zaidi ya sangara. Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini mwaka 2003 mkataba wa kulinda Ziwa Tanganyika, na mamlaka yake iko Bujumbura, lakini hakuna mkataba unaoweza kumzuia mtu mwenye ndoo usiku. Samaki wa Ikola akimwagwa Moliro, jina la Ikola na la Moliro yote mawili yanapoteza maana, na pamoja nayo bei.

Kwa mfanyabiashara wetu wa Kigoma, basi, kazi inaanza kwa maswali manne kabla ya kushika wavu. Tangi la mteja lina lita ngapi na limekaa na maji kwa muda gani? Maji yake yana pH gani na joto gani? Nani yumo tayari? Anataka kutazama, au anataka kuzalisha? Majibu yakiwekwa kwenye daftari, oda inajiandika yenyewe. Mwenye hoteli wa Kigali huenda asipate kila samaki aliyemwona kwenye picha. Atapata tangi ambalo baada ya mwaka mmoja bado lina idadi ileile ya samaki aliyolipia, na mgeni wake akiuliza waliponunuliwa, atakuwa na namba ya simu ya kumpa.